Mama na Chupa ya Chachu

Utotoni mkate ulikuwa kazi ya Mama, na kazi yangu ilikuwa kuula. Leo niko Stratford, London, dereva wa basi niliyeachana na mke, na kila Jumamosi nimejaa unga hadi kwenye ndevu.

Mkate wenyewe ni ule mchachu, usiotiwa hamira. Unakoroga unga na maji kwenye chupa pana, unauacha uchache wenyewe, kisha kila asubuhi unamwaga nusu na nusu iliyobaki unaitilia unga mpya na maji mapya. Usipomwaga, chachu inakuwa kali, inachoka, na mkate hauumuki.

Mama alipokuja kutoka Pemba, baada ya Baba kufariki, huko kumwaga ndiko kulikomshinda. Kwao unga haumwagwi. Ukichacha unatiwa tui na sukari, unapikwa chapati za maji, na zikizidi anapelekewa jirani. Kumwaga ni israfu. Nilimweleza mara tatu kwamba chachu ina taratibu zake, akaitikia, "Haya, baba." Nikadhani tumeelewana.

Wiki mbili mkate wangu ukatoka bapa, mzito, mkali kama siki. Nikalaumu unga, nikalaumu baridi, nikalaumu maji ya London yanayoacha chokaa kwenye birika. Nilinunua hata kipimajoto. Mama akiniona nahangaika alinipa pole ya kweli kabisa, na vile vipande vigumu alivila vyote akavisifu.

Asubuhi moja nilisahau miwani, nikarudi kutoka kwenye ngazi. Nikamkuta jikoni na lile bakuli la nusu ya kumwaga nililokuwa nimeliacha kando ya sinki. Alikuwa akiirudisha ile nusu ndani ya chupa, polepole, akifuta ukingo kwa kidole lisipotee hata tone.

Mtu mwingine angecheka. Mimi nina hasira za karibu.

"Mama, hapa si kwako," nikamwambia. "Usiguse vitu vyangu."

Akaliweka bakuli chini. "Haya," akasema.

Nikaendesha basi siku nzima, neno lile likinirudia kila kituo. Niliporudi nikamwomba radhi, akasema amenisamehe, mzazi haweki kinyongo. Nikashusha pumzi. Halafu akainuka, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Nnaweza kuchukua maji?" akaniuliza.

Tangu hapo ikawa ndiyo hali yetu. Akaomba ruhusa ya kuwasha taa, ya kufungua dirisha, ya kukaa kwenye kochi lile lile alilokuwa akijinyoosha kila adhuhuri. Wala hakununa, Mama akinuna hata salamu haitikii. Aliniamini tu nilichosema. Alikuwa amemzika mume, nyumba imegawiwa warithi, amekuja kwa mwanawe, na mwanawe akamwambia hapa si kwako. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nilikuwa nimemwaga mtungi mzima.

Jumapili nikaichukua ile nusu ya kumwaga, nikaitia tui la kopo, sukari na iliki, nikabandika kikaango. Nilikuwa sijawahi kupika chapati za maji. Ya kwanza ikaganda. Ya pili nje ilikuwa makaa, ndani uji. Mama alikuwa kwenye kiti, mikono mapajani, anatazama. Nikamwambia kweli sijui, anisaidie. Akasema mbona naweza tu. Ya tatu ikaanza kutoa moshi. Akavumilia, akavumilia, mwisho akaja akanisukuma kwa bega.

"Sogea huko. Moto wote huu wa nini?"

Akapika zote zilizobaki, moja nyembamba kuliko nyingine, tukala. Sikuthubutu kusema neno, nisije nikaharibu tena. Alipomaliza aliniuliza kama anaweza kunawa mikono.

Jumanne nilitoka kazini na njaa, nikajipashia wali, nikanyoosha mkono kuchukua chumvi. Haipo. Sufuria zimehamishwa. Vikombe vimeshushwa kabati la chini, anapofikia yeye. Masahani yangu mazuri yamerundikwa mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeyaweka, na yeye yuko kwenye kochi, amejinyoosha, anakoroma. Nikafungua kabati hili na lile, taratibu, nisimwamshe. Sikuiona. Nikala wali bila chumvi, machozi yananitoka, nikimshukuru Mungu.