Viatu Namba Thelathini na Nane

Mtaani walimwita Mama Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Katika kibanda chake cha ushonaji, mteja hakatiwi kitambaa bila kupimwa upya, hata kama alipimwa wiki iliyopita. "Mwili ni kama mpangaji," alizoea kusema, "huhama bila kuaga."

Mtu pekee ambaye Mama Futi hakuwahi kumpima upya ni shoga yake wa barua. Alikuwa mwanamke wa nchi ya mbali yenye baridi. Walianza kuandikiana wakiwa wasichana, kwa lugha ya kuazima ambayo wote wawili waliikanyagakanyaga. Mwanzoni kabisa walipeana vipimo: yule wa mbali kifua, kiuno na makalio, huyu namba ya viatu. Tangu hapo kila mwaka gauni likaenda, viatu vikaja. Miaka kumi na sita, vipimo vilevile!

Namba thelathini na nane ilimtosha miaka sita ya kwanza. Baada ya watoto watatu, mguu wa Mama Futi ulifika arobaini na moja, tena umenuna. Viatu alivaa mdogo wake. Yeye aliandika tu, "Vimenikaa kama nilizaliwa navyo."

Safari hii barua iliomba picha yake akiwa amevivaa.

"Rahisi, dada," alisema mdogo wake, miguu imeshazama ndani ya viatu vyekundu. "Tuipige picha miguu yangu, kuanzia magotini kushuka."

"Na makovu yako ya kuanguka na baiskeli nayo ni yangu?"

"Ukisema kweli atanuna, atanyamaza jumla. Na mimi nitatembea peku."

"Kumbe huruma yote hiyo ni ya nyayo zako!"

Alicheka, ila moyo ulimlemea. Wengine wote walimuuliza, "Nguo yangu tayari?" Shoga huyu wa barua peke yake alimuuliza, "Na wewe, hujambo kweli?" Kumpoteza kwa sababu ya viatu! Lakini fundi gani anaunga mshono kwa gundi?

Akaandika: "Nimekudanganya miaka kumi. Havinienei. Anayetamba navyo ni mdogo wangu." Akaituma upesi, kabla ushujaa haujapoa.

Miezi miwili, kimya. Mdogo mtu akawa anapita kibandani kila siku: "Si nilikuambia?"

Kisha bahasha ikaja. Ndani mlikuwa na uzi mrefu wa sufu wenye mafundo matatu, na barua: "Kwa hiyo namnunulia viatu mtu nisiyemjua? Msalimie, mwambie ana bahati. Gauni lako la tatu liligoma kifuani. Tangu hapo nayatundika ukutani, wageni wanadhani ni mapambo. Pima kutoka ncha nyekundu: fundo la kwanza kiuno, la pili kifua, la tatu makalio, na usicheke. Wewe nichoree mguu."

Alicheka, tena mpaka mteja aliyekuwa amejaa pini mgongoni akapiga yowe. Akatandaza karatasi ya kukatia mitindo sakafuni, akavua kandambili, akakanyaga katikati.

"Shika penseli, zungusha," alimwambia mdogo wake.

"Dada, karatasi haitoshi."

"Unganisha nyingine. Na usinipunguze hata kidogo."