Mbuzi wa Riale Moja

Hajar alisomesha historia miaka thelathini, kwa hivyo Sleiman, kaka yake, alipotaka kitu cha kutundika ukutani alimwita yeye. Sleiman ana bucha mtaa wa Hamriya, lenye jina la babu wa babu yao. Alitaka wateja wasome jinsi mzee yule alivyolisha watu wa kijiji chao huko bara, ndani ya nchi mbali na pwani, zaidi ya miaka mia na thelathini nyuma.

Hajar akarudi kwake Mawaleh, akafungua sanduku la marehemu baba yao. Akakuta barua ya mzee mwenyewe kwa nduguye aliyevuka bahari kwenda Unguja. Mvua ilikuwa haijanyesha miaka mitatu. Mbuzi wa riale nne za fedha, mzee aliandika, sasa nampata kwa moja, maana mwenyewe hana cha kumlisha. Nyama nauza kwa bei niipendayo, sokoni hakuna mwengine. Akawataja waliomuuzia. Wa kwanza alikuwa mjane mmoja, bibi wa bibi yake Malak.

Malak ndiye aliyekataliwa na Sleiman miaka miwili nyuma, Maan, mwana wa Sleiman, alipotaka kumwoa. "Watu wale hawana asili," Sleiman alisema mbele ya ukoo mzima. "Hawajapata kumiliki hata mbuzi."

Hajar akampelekea barua dukani. Sleiman akaisoma, uso ukamwiva.

"Nlikwambia uandike sifa zake. Nani kakutuma ufukue makaburi?"

"Mbuzi walikuwa nao, kaka. Wakaishia kwetu."

"Alinunua, akalipa! Biashara si wizi."

"Kwa robo ya bei, watu wana njaa."

Sleiman akataka kuichana. Hajar akamnyang'anya, kona moja ikabaki mkononi mwa kaka yake.

"Kwangu usikanyage tena," Sleiman alisema. "Hata nkifa."

Hajar akenda moja kwa moja kwa Bi Wadha, mama yake Malak. Njiani alijiona anapeleka haki. Bi Wadha akaisoma pale pale mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Siku kaka yako anatutukana, ulikuwapo?"

"Nlikuwapo."

"Ukasema nini?"

Hajar akamwonyesha jina la mjane kwenye barua.

"Mwanangu kalia mwaka mzima, leo waniletea karatasi." Akaichukua, akafunga mlango.

Ijumaa, bucha limejaa watu, Bi Wadha akaingia na barua. Akaisoma kwa sauti, kutoka salamu ya kwanza hadi jina la mjane. Sleiman akamfokea atoke. Hakutoka mpaka alipomaliza.

Wateja walisikiliza, kisha wakaendelea kununua. Bei haikushuka hata baisa moja. Wiki iliyofuata Sleiman akatundika sifa za mzee alizoandikiwa na mtu mwengine, na ukoo mzima ukaambiwa Hajar ndiye aliyemtuma Bi Wadha. Hajar hakukana.

Malak ameolewa Nizwa. Hajar alisikia kwa watu, harusi imeshapita.