Medali ya bronzi juu ya jeneza

Leo nimenyamazishwa matangani. Ndiyo, mimi!

Tunazika jirani, dereva wa lori, hapa mtaani Ndosho. Wanawe wanataka medali yake ya bronzi ikae juu ya jeneza.

Mkubwa wao akaniuliza: "Papa, wewe unasomaka sana. Serikali ilimupatia hii juu ya nini?"

Nikaigeuza. Haina kitanzi cha utepe wa kuivalia kifuani. Ukingoni, alama ya kiwanda cha sarafu cha taifa.

Nikatangaza, watu wote wasikie: "Hii ni ya ukumbusho tu, inauzwa kwa yeyote. Si nishani. Iondoeni!"

Mjane akasimama.

"Najua. Alijinunulia. Volkano iliposhuka alibeba watu kwa lori mpaka mji wa Sake. Waasi walipoingia, akabeba tena. Hakuna mutu wa serikali alimuambia aksanti. Ulitaka angoje nani?"

Nimeirudisha juu ya jeneza kwa mkono wangu.

Mwenye kubisha, aandike hapa chini. Nipo macho.