Hakuna Aliyejua Nani wa Kumtoa

Mwanangu wa miaka miwili alichukua ufito, akasukuma sahani kuelekea kwa mdoli wake, akaziba pua, akakimbia. Hapo uvumilivu ukaniisha. Alikuwa anaiga tunavyomlisha mjomba wake.

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Korona ilipofunga vyuo akarudi kwetu Tlawi, baba akamweka banda la mahindi. Sahani yake, kikombe chake, asisogelee moto wetu. "Ni metimani tu," mama akasema. Metimani, ile mila yetu ya kumtenga aliyeguswa na kifo, naijua. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika nilitengwa hivyohivyo, hakuna aliyenishika mkono. Lakini mimi niliambiwa siku ya kutoka. Yeye tuliambiwa wiki mbili, zikapita bila mtu kumtoa. Wazee wakasema korona si yao, ni ya serikali. Mwenyekiti wa kijiji akasema kutenga watu ni mambo ya wazee.

Wapita njia walimtania. "Profesa wa mahindi, hujambo humo?" Mwanzoni alijibu. Baadaye akawa anaangalia ukuta tu. Haogi. Chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Vyuo vikafunguliwa, hata begi hakugusa.

Nikauvunja ule ufito. Nikaingia bandani na mtoto mgongoni, nikakaa. Akauliza, "Dada, kwani nani amekufa?"

Nikampeleka zahanati apate barua, chuo kisimfute. Mganga hakumtazama hata usoni. "Huyu haumwi. Mawazo tu. Msomi amekumbuka mademu wa mjini." Benchi zima likacheka. Mdogo wangu naye akacheka, taratibu, kama anayeomba radhi.

Nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unamlalamikia nani, mama?"

"Mganga. Na wengine."

Mtendaji akanisukumia karatasi. "Andika mwenyewe. Si umefika fomu foo?"

Nikaandika:

"Nalalamika kwamba mganga wa zahanati alimcheka mgonjwa mbele za watu na kumnyima barua. Mdogo wangu ameugua akili kwa kukaa peke yake miezi mitatu. Naomba apimwe upya, na chuo kiandikiwe kabla hakijamfuta. Nailalamikia pia serikali ya kijiji, wazee, na familia yangu kwa kumtenga na kumsahau. Mimi nimo. Nilimpelekea chakula kila siku na sikuwahi kumuuliza ameamkaje."