Picha ya Jogoo Kwenye Grupu la Kidato cha Nne

Picha niliituma mimi. Naanza na hilo ili mtu asihangaike kumtafuta mkosaji, maana mimi mwenyewe nilimtafuta mchana kutwa, kwa hasira kabisa, kabla ya kugundua kuwa ninayemtafuta ndiye aliyeshika simu.

Binti wa dada yangu anakaa kwangu hapa Mandewa, yuko kidato cha nne. Shuleni kwao simu haziruhusiwi, kwa hiyo grupu la kujisomea la darasa lao linaishi kwenye simu za mama zao, baba zao na watu kama mimi. Jioni akirudi ananipokea simu, anakaa kwenye kigoda mlangoni, wanatumiana maswali ya mitihani ya nyuma. Kwenye kemia yeye ni moto. Wenzake wakikwama anawaandikia hatua kwa hatua. Mimi pia nilifika kidato cha nne, ila kemia yangu iliteremkia njiani, kwa hiyo nilikuwa napita nyuma yake na ndoo nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Jumamosi moja jogoo wa jirani aliingia jikoni kwetu akapanda juu ya unga wa uwele. Binti akamtimua: kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, mdomo wazi, unga hadi kwenye nyusi. Nikapiga picha. Nikaandika chini yake, "Binti yetu anasoma kwa bidii," nikaituma kwenye grupu la ukoo ili dada yangu kule Ilongero acheke. Ndivyo nilivyodhani. Sikuwa nimevaa miwani. Miwani ilikuwa kichwani.

Binti alipokuja kushika simu jioni, picha iko kwenye grupu la darasa lao, imeshageuzwa stika. Wamekata jiko lote, kabaki yeye na jogoo, na maneno yangu yameandikwa kwa rangi nyekundu. Nilimwambia acheke tu na yeye, vijana wana mambo yao, Jumatatu watakuwa wamesahau. Jumapili nikashinda nikimtafuta aliyeituma, mpaka nilipovaa miwani nikaona namba ni yangu mwenyewe.

Hawakusahau. Mtu akikosea hesabu, stika. Mwalimu akitoa zoezi gumu, stika. Yeye akifafanua jambo kwa aya nzuri ndefu, zinashuka stika tano mfululizo na hakuna aliyesoma. Akaacha kufafanua. Baadaye akaacha hata kuuliza. Cha ajabu ni kwamba simu hakuiacha. Aliishika kuliko mwanzo, ila si kwa kusoma. Alikuwa anaangalia nani kacheka leo. Ikilia anashtuka. Kitabu cha kemia kinakaa wazi ukurasa uleule, ugali unapoa, na mimi najifanya nachambua mchicha.

Jioni moja akaniambia kwa Kinyaturu, na huwa haniongeleshi Kinyaturu mpaka limfike shingoni:

"Mama mdogo, nirudishe Ilongero kwa mama. Nitasomea hukohuko."

Mtihani wa mock ulikuwa umekaribia. Kuhama wakati ule tulijua wote wawili ni kuacha, tukiliita jina zuri.

Nikaenda kwenye ua kumweleza jirani, mwenye jogoo. Huyu mama anatumia kitochi, na bando analijua kwa kulisikia redioni. Alinisikiliza huku akiwamwagia kuku pumba, kisha akasema jogoo wake hana kosa, mtoto hana kosa, nimtoe tu kwenye hiyo simu, na akaniuliza nasubiri nani aje kunisaidia. Nilitaka kumjibu kwamba labda niende shuleni kuonana na mwalimu. Lakini kwenda shule kunataka kuvaa viatu, kutoka, kusalimiana na mji mzima, na mimi mpaka hapo uani nilikuwa nimeshahesabu kama safari.

Basi nikakaa kwenye kigoda kilekile, nikavaa miwani, nikahakikisha grupu ndilo lenyewe, nikarekodi sauti.

"Mimi ndiye mama mdogo wa huyo mnayemcheka. Picha niliituma mimi, kwa ujinga wangu. Mkitaka kucheka nichekeni mimi, ruhusa mnayo. Ila mtanisalimia kwanza."

Binti alikuwa kajifunika khanga uso mzima. Halafu simu ikalia: "Shikamoo mama mdogo." Ikalia tena. Shikamoo zikashuka kama zilivyokuwa zinashuka stika, na mimi naitikia marahaba moja moja, kwa sauti, mpaka mate yakakauka. Huwezi kumwamkia mtu mzima hivyo halafu umtumie jogoo. Angalau kwetu huku huwezi.

Kijana aliyetengeneza ile stika ndiye pekee aliyechelewa. Namba yake ilijibu hivi: "Huyu ni mama yake. Yuko nje anapasua kuni. Amefanya nini?"

Nikamweleza. Kumbe na yeye alikuwa akiziona zile stika akidhani ni somo. Mama mwingine akaingia, akasema hata yeye simu ni yake. Akaja wa tatu. Kabla ugali haujaiva tulikuwa akina mama watupu, tunasalimiana, tunaulizana habari za Kiomboi na za Mkalama. Kesho yake asubuhi mmoja akatuma maua ya "asubuhi njema". Mwingine akauliza dawa ya kideri cha kuku. Swali la kemia lilitumwa mara moja, likazama katikati ya vifaranga.

Wanafunzi wakaona hapakaliki. Jumamosi wakaja kwangu na vitabu vyao, wakakaa juu ya turubai ninaloanikia alizeti, na huyo kijana wa kuni akiwa kabeba ubao mdogo. Alimwomba binti samahani akiangalia chini, kisha akamwomba amrudie swali lilelile alilolicheka. Binti akamwacha asubiri kidogo, kwa raha zake, ndipo akashika chaki. Habari ya Ilongero sijaisikia tena. Kitabu kinafunguka kurasa, na ugali haupoi, unaisha.

Unaisha ukiwepo. Wiki hii nilikuwa kwenye kigoda nikiwajibu akina mama wenzangu kuhusu kideri, mimi ambaye sina hata kifaranga, wanafunzi wakisoma pale turubaini. Sikusikia harufu yoyote. Jirani aliingia bila hodi, akapitiliza jikoni, akatoka na sufuria ya maharage imekuwa nyeusi ndani na nje, akaiweka miguuni pangu.

"Nilikwambia umtoe mtoto kwenye simu, sikukwambia uingie wewe. Lete hiyo simu, nenda kasugue sufuria."