Bi Mkubwa wa Chumba cha Ndani

Shemeji yangu hakuomba kazi ya kutunza tumbili. Aliitwa kuchomelea vyuma. Milango ya vizimba vya kituo kimoja cha utafiti ilikuwa imelegea, wakatafuta fundi, naye akaenda na mashine yake akidhani ni kibarua cha siku mbili. Alipokuwa akimalizia, msimamizi alimwona akimpigia mluzi mnyama aliyekuwa akitetemeka pembeni, na mnyama ametulia anamsikiliza. Kesho yake akaambiwa kuna nafasi ya mhudumu, yenye mshahara wa kueleweka na bima. Dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nani angekataa?

Sharti lilikuwa moja tu: ya mle ndani yabaki mle ndani. Huko nyuma watu wa mtaani waliwahi kusikia kuna wanyama wenye virusi, wakaja na mawe. Kwa hiyo nyumbani shemeji alisema yuko stoo ya dawa za mifugo, na sote tukaridhika. Hata mimi, niliyezoea kuchungulia mambo ya watu, sikuuliza zaidi. Haya ninayoyasema alinisimulia mwenyewe baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika.

Chumba cha ndani hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na wa pili haukufunguka mpaka wa kwanza ujifunge. Katikati unasimama mahali ambapo huwezi hata kunyoosha mikono, umevaa ovaroli, glavu juu ya glavu, barakoa na miwani mikubwa, unasubiri taa iwake kijani. Miaka yote ile, shemeji alisema, hakuwahi kupazoea pale katikati.

Aliyeongoza utafiti alikuwa Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Alimweleza shemeji tangu mwanzo.

"Virusi hivi ni ndugu wa vile vya UKIMWI," alisema. "Vikishasambaa mwilini tunajua vinafanya nini. Tusichokijua vizuri ni siku za mwanzo kabisa. Vinapogusa ngozi laini ya ndani, ile yenye unyevu, vinapitaje? Vinakaa wapi kabla ya kuingia kwenye damu? Tukipajua hapo, huenda tukaweza kuvizuia hapo hapo."

Ili kupajua, tumbili alipakwa virusi kwenye ngozi hiyo akiwa amelazwa usingizi, akaachwa siku chache, kisha akauawa na mwili wake kuchunguzwa kipande kwa kipande. Huyu siku zake zilikuwa chache, yule nyingi kidogo. Kazi ya shemeji ilikuwa kuwalisha, kuwaoshea vizimba, na siku ya mnyama ikifika, kumtoa. Wenzake walitumia ukuta wa nyuma wa kizimba, ule unaovutwa mbele hadi mnyama abanwe. Yeye hakuuhitaji. Alinyoosha mkono wenye kipande cha tunda, akapiga mluzi, wakaja wenyewe.

"Hicho ndicho kilichokuwa kinaniumiza," aliniambia. "Kwamba wanakuja."

Wanyama walikuwa na namba, lakini mmoja alimpa jina. Alikuwa jike mzee, aliyekaa juu kabisa ya kizimba amekunja mikono, anakutazama kama mama mkwe aliyecheleweshewa chai. Shemeji akamwita Bi Mkubwa. Asubuhi akiingia humwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," naye hugeuza uso ukutani.

Bi Mkubwa alikuwa amepakwa virusi siku si nyingi ajali ilipotokea. Alikuwa ametoka kuchukuliwa damu, ana hasira, ameng'ata chuma mpaka fizi zinatoka damu. Shemeji alikuwa akiosha sakafu, miwani imejaa mvuke, haoni mbele. Akaiinua kidogo tu, aifute. Bi Mkubwa akarusha bakuli la maji aliyokuwa akiyanywa, na maji yenye damu yakamwingia shemeji jichoni.

Aliosha jicho bombani mpaka likawa jekundu kama nyanya, kisha akasimama katikati ya milango miwili akisubiri taa. Siku hiyo ilionekana haitawaka kabisa.

Daktari alimpa vidonge palepale.

"Jicho nalo ni ngozi ya ndani," alimwambia. "Kama kuna kilichoingia, kwa sasa ni kidogo na kiko sehemu moja. Ndiyo maana hatusubiri. Utameza mwezi mzima, na tutakupima mara kadhaa. Mpaka nikuambie uko salama, nyumbani tumia kinga. Na Fundi, masharti ya kazi unayajua."

Alimaanisha kunyamaza.

Basi shemeji akanyamaza. Nyumbani dada yangu alikuwa na mtoto wa mwisho anayenyonya. Shemeji akahamia kwenye kochi, akasingizia mgongo. Vidonge vilimtia kichefuchefu. Akasingizia chakula cha kazini. Alijua vizuri kwamba kumbusu mtoto hakuwezi kumdhuru, lakini akaacha kumbusu. Mtoto alipomnyooshea mikono, alimbeba kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa watu. Dada yangu ni fundi wa nguo. Jicho lake huona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, sembuse mume aliyepinda ndani ya nyumba.

Kisha akaanza kuweweseka. Kwenye kochi lile, usingizini, akasema wazi kabisa: "Bi Mkubwa, nisamehe."

Asubuhi yake dada alipekua nyumba nzima. Vidonge alivikuta kwenye kiatu cha zamani cha kuchomelea, na hakuhitaji kusomewa. Miaka na miaka alikuwa akimchukulia mama yetu mdogo dawa zile zile za UKIMWI kliniki. Akaviweka mezani, akamngoja mumewe.

"Ni nani?" alimuuliza.

Shemeji aliona hana tena pa kutokea. Akaamua kusema kweli.

"Ni tumbili."

"Tumbili."

"Kazini. Alinirushia maji yenye damu."

"Huyo tumbili amepanga chumba wapi?" dada akauliza. "Na ndiye Bi Mkubwa? Kama yeye ni bi mkubwa, mimi ni nani katika nyumba hii, bi mdogo?"

Niliitwa siku hiyo hiyo, pamoja na mama. Nilimkuta shemeji ameinamisha kichwa, na dada hajatoa hata chozi, jambo lililonitisha zaidi. Shemeji akasema atampigia Daktari simu, aeleze mwenyewe. Akaweka sauti ya nje, na ikatoka sauti ya mwanamke, laini, yenye wasiwasi: "Fundi? Umemeza dawa zako? Na nyumbani umefanya kama nilivyokuambia?"

Mama akashika tama. Dada akasema, "Sasa tumemsikia tumbili mwenyewe." Daktari alijaribu kueleza, lakini simu ilikuwa imeshakatwa na mkono wa dada yangu.

Dada alikwenda kupima. Majibu yakaja hana kitu. Hata hivyo akachukua watoto akahamia kwa mama.

Shemeji alikwenda kwa msimamizi kuomba mke wake aje aonyeshwe mahali pale, hata kutoka mlangoni tu. Akakataliwa. Alifikiria kuacha kazi, lakini vidonge na vipimo vilikuwa mle mle, na akiacha angeonekana anakimbia. Akawa anatoka chumba kisicho na dirisha anarudi nyumba isiyo na mtu.

Hapo ndipo Daktari alipomwita pembeni.

"Damu ya Bi Mkubwa haijaonyesha virusi," alisema. "Lakini damu huchelewa. Huenda vimo kwenye ngozi ya ndani tu, huenda vimeshasonga. Jibu la hakika liko mwilini mwake. Siku yake bado. Ila ukitaka ujue mapema, naweza kuisogeza iwe kesho."

Shemeji aliniambia kwamba angependa sana Daktari asimuulize. Angeamua mwenyewe, akamtoa mnyama, yeye shemeji akaambiwa baadaye. Lakini aliulizwa. Alifikiria dada yangu, akafikiria mtoto anayenyonya. Akasema, "Isogeze."

Kesho yake alimkataza mwenzake kuvuta ule ukuta. Alinyoosha mkono wenye tunda, akapiga mluzi. Bi Mkubwa, ambaye hakuwahi kumjia mtu, alikaa juu akimtazama kwa muda mrefu. Halafu akashuka.

Majibu yalikuwa mazuri. Virusi vilikuwamo, lakini katika kijisehemu kidogo tu, pale pale vilipopakwa. Havikuwa vimefika kwenye tezi wala kwenye damu. Maji yaliyomwingia shemeji jichoni yaelekea hayakuwa na kitu. Daktari alifurahi mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya utafiti. Shemeji akasema ahsante, akaenda kukiosha kizimba kilichokuwa cha Bi Mkubwa.

Jioni hiyo alikuja kwangu akanieleza kila kitu tangu mlango wa kwanza aliouchomelea. Alilia akimtaja yule mnyama. Mpaka hapo nilikuwa upande wa dada yangu kabisa. Lakini mwanamume aliyetunga tumbili wa kuokoa ndoa yake hawezi kumlilia namna ile.

Nilimwendea dada. Nilisema nilivyoweza. Vipimo vya mwisho vya shemeji vilipotoka, navyo vikiwa safi, nikampelekea habari. Alisikiliza huku akikata kitambaa, mkasi haukusimama.

"Kama hana kitu na mimi sina kitu, nitarudi," alisema. "Watoto wanamuulizia. Lakini mwambie hivi, kaka: asinitajie tumbili tena maisha yake yote. Kuwa na mwanamke mwingine ningemsamehe. Kunifanya mjinga, hapana."

Akarudi kweli. Wanaishi vizuri, ukiwatazama kutoka nje. Kitanda ni kimoja, mtoto anabebwa, mgongo umepona. Shemeji amekubali kusamehewa kosa ambalo hakulifanya, maana kulikana ni kumtaja tumbili. Na lile alilolifanya, la kusogeza siku, hana wa kumwambia ila mimi.

Juzi nilimuuliza kwa nini asirudi kwenye kuchomelea.

"Nikiondoka," akasema, "dada yako ataniuliza kwa nini nimeondoka."