Ngazi Themanini za Zdravka

Aliyemkalisha Zdravka kitako si goti, ni mapenzi ya mumewe, Metodi. Goti lilipasuliwa mwezi wa Novemba, likapona vizuri, na daktari akamwambia, "Tembea, mama." Atembee aende wapi? Metodi alikwisha kuisogeza nyumba nzima kando ya kochi: birika la umeme, simu, televisheni, dawa. Hata chupa za pilipili hoho na kabichi za siki, ambazo kila mtu pale mjini Gabrovo huziweka stoo ya chini ya jengo, alizipandisha zote ghorofa ya nne akazipanga roshani. Basi Zdravka akakaa. Kufika Machi, akienda msalani tu anahema.

Na Septemba alikuwa anamwoza mwanawe wa pekee, Kaloyan. Kwao, horo ya kwanza ya harusi, ile ngoma ya kushikana mikono, huongozwa na mama wa bwana harusi. Hilo hakuna asiyelijua.

Siku moja akaja Ginka, dada yake Metodi, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kochi.

"Wifi, usijisumbue na horo. Utatuangukia bure. Nitaongoza mimi."

"Uongoze ya mwanangu?"

"Si nakusaidia jamani!" Akajichotea kabichi, akala, akaenda zake.

Lo! Zdravka alilia kwa hasira mpaka kwikwi ikamshika. Alipomaliza akamwita mumewe.

"Metodi, rudisha chupa zote stoo."

"Una wazimu? Nilizibeba siku mbili!"

"Zote. Birika lirudi jikoni, simu iende kule mlangoni. Na kochi mpe jirani."

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Nani kakwambia utakaa?"

Tangu siku hiyo, aliyetaka pilipili alizifuata. Ngazi themanini kushuka, themanini kupanda, na Zdravka alikataa katakata kubeba zaidi ya chupa moja kwa safari. Wiki ya kwanza alipumzika kila ghorofa, akizilaani pilipili na aliyezipanda. Mwezi wa Mei alipumzika mara moja tu. Julai akawa anampita Metodi njiani, "Sogea, mzee, wenye haraka tupite!" Metodi naye suruali zikaanza kumpwaya, ila hilo hakulitangaza.

Siku ya harusi kodiani ikalia, ngoma ikaitika. Zdravka akashika leso nyekundu mkono wa kulia, wa kushoto akamshika mwanawe, akatoka mbele ya watu wote. Wakazunguka uwanja mara moja, mara tatu, mara sita. Huko nyuma Ginka, uso umemwiva, akapiga kelele, "Wifi, basi jamani, tupumzike!" kisha akachomoka kwenye mstari akatafuta kiti. Zdravka akaongeza mwendo.

Kaloyan akamtazama. "Mama, unalia?"

"Nalia, ndiyo! Inua miguu, bwana harusi, wewe ndiye unayenichelewesha!"